Nilivibadilisha Kila Baada ya Miezi Sita, Bila Kukosa

Mshauri,

Salamu nyingi na heshima zote. Naomba msaada wako, na nikisema naomba ujue neno hilo halinitoki kirahisi, maana mimi nimezoea kuombwa; kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa metroni wa bweni la chuo cha wauguzi, wasichana mia mbili na arobaini chini ya macho yangu, na mpaka leo, mwaka wa tano tangu nistaafu, hakuna anayeniita kwa jina, ni Metroni huku na Metroni kule, hata anayeniuzia mboga hajui jina langu lingine. Sikuelezi haya kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba mtu kama mimi akikosea, hakosei kwa uzembe.

Ninaishi ghorofa ya tatu na mwanangu wa pekee, mke wake na mjukuu wangu wa miezi tisa. Maji ya jengo letu yana chumvi na yananuka dawa, birika linaota magamba meupe ndani, kwa hiyo miaka mitatu iliyopita mwanangu alinunua mtambo wa kusafisha maji, ule unaokaa chini ya sinki, wenye mikebe mitatu iliyosimama kwa mstari, kila mmoja na kichujio chake, halafu mkebe mwembamba uliolala juu yake wenye utando wa kukamata chumvi, tangi dogo pembeni, na bomba lake jembamba lenye shingo ndefu. Fundi alipomaliza kuufunga, mimi ndiye niliyechuchumaa naye chini ya sinki, mwanangu alikuwa kwenye simu, na fundi akanielekeza kwamba vile vichujio vitatu niwe navibadilisha kila baada ya miezi sita, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwangu ratiba haijawahi kulala.

Sasa mshauri, nielewe hapa, maana balaa lote limekaa kwenye neno hilo moja. Bwenini kila mwanzo wa muhula tulikuwa tunabadilisha magodoro, yaani la kitanda cha juu linashuka chini, la dirishani linakwenda ukutani, la ukutani linageuzwa tumbo juu, na mchana kutwa yanaanikwa juani, na kwa utaratibu huo godoro moja lilikuwa linaishi miaka kumi bila bonde katikati. Hiyo ndiyo kubadilisha niliyoijua maisha yangu yote. Fundi hakusema nunua, angesema nunua ningenunua, sina ubahili na pensheni yangu inafika, yeye alisema badilisha, basi nami nikabadilisha. Kila baada ya miezi sita nafunga koki, nafungua mikebe kwa ile spana yake ya plastiki, navitoa vichujio, navisuuza, navipandisha juu ya paa kwenye kamba za nguo, vinapigwa na jua mpaka jioni, halafu navirudisha, cha kwanza kinakwenda nafasi ya tatu, cha tatu kinakuja ya kwanza, na cha katikati nakigeuza miguu juu. Naandika tarehe kwenye daftari. Nimefanya hivyo mara tano, sikuchelewa hata siku moja, na unaweza kuja kulikagua daftari.

Tena nilifundisha wengine. Fundi saa wa ghorofa ya chini, mjane wa miaka sabini, ana mtambo kama wetu, na dada wawili washonaji wa ghorofa ya pili wanao pia. Niliwapanga, tukawa tunaanika siku moja. Yule fundi saa aliwahi kuniambia kichujio chake kimoja kimeandikwa namba moja na kingine namba mbili, pengine kila kimoja kina mahali pake, na mimi nikamjibu namba ni mambo ya kiwandani, yeye ashughulike na saa zake, akacheka, akafuata nilivyosema.

Nikija kwa mkamwana wangu, ni msichana mpole, hana makuu, anafanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, wale wa kuwekwa kwenye tangi la kioo sebuleni. Tangu ajifungue akawa anasema maji yetu yana harufu, na alipoulizwa harufu gani akasema kama kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye ndoo, nami nikanusa, sikusikia kitu. Siku nyingine akaja na kijikalamu cha kupimia maji kutoka kazini kwao, akakichovya kwenye glasi, na alipoanza kunisomea namba nikamkata kauli, nikamwambia mimi si samaki. Akakirudisha kwenye droo yake. Aliwahi pia kuniuliza kwa sauti ya chini, nilipokuwa naanika, kama vile vya kwenye kamba ni vya zamani au vipya, nikamjibu kwamba vitu vya nyumbani kwangu haviwi vizee kwa sababu vinatunzwa. Hakuuliza tena.

Sasa kuna siku nilikuwa natafuta shuka la mtoto kwenye kabati lao, nikakuta chupa kubwa za maji ya dukani, sita zimejaa na tatu tupu, zimefunikwa kwa taulo. Mshauri, damu ilinichemka. Nilijiona nimetukanwa ndani ya nyumba yangu, kwamba mimi niliyelea mabinti mia mbili na arobaini bila ugonjwa wa tumbo kuingia bwenini, leo maji yangu hayafai kwa mjukuu wangu mwenyewe. Nikaitisha kikao. Tulikuwa watu saba pale sebuleni, mimi, mwanangu na mkewe, dada yangu mkubwa, mdogo wa marehemu mume wangu na mkewe, na nikamwita pia mama mzazi wa mkamwana, aje ajionee alichokilea. Chupa zote tisa nikazipanga mezani, nikafungua daftari, nikasoma tarehe moja baada ya nyingine, nikauliza ni nani katika nyumba hii anayetunza kitu kuliko mimi. Mwanangu alikuwa anaangalia zulia. Mkamwana akasimama, akasema, "Mama, nisamehe. Maji hayana tatizo. Pua yangu ndiyo mbovu."

Nikamjazia glasi kwenye lile bomba jembamba, nikampa, akanywa mpaka ikaisha, mama yake anamtazama. Nikasema basi, yamekwisha, tukala. Hiyo ni miezi minne iliyopita, na tangu siku ile hakuleta chupa tena, hata maji ya maziwa ya mtoto akawa anachemsha hayo hayo ya kwetu. Mtoto hajaugua, nashukuru sana kwa hilo.

Wiki tatu zilizopita maji yalipungua, bomba likawa linatoa uzi mwembamba, glasi moja unaisubiri mpaka unasahau ulikuwa na kiu, nikamwita fundi yule yule mchana, wote wako kazini, mtoto amelala. Akafungua mikebe. Akaniuliza nilibadilisha lini mara ya mwisho, nikampa daftari, akalisoma, akaviangalia vichujio, akaniuliza vile vya zamani nilivitupa wapi. Nikamwambia nivitupe kwa nini, si ndiyo hivi hapa. Yule kijana akakaa sakafuni kabisa. Akasema, "Mama, kubadilisha ni kutoa cha zamani na kuweka kipya."

Akanieleza, tena kwa adabu, kwamba cha kwanza kazi yake ni kuzuia tope, na nilipokipeleka mwisho na uchafu wake wote nikawa nimeufungulia njia kwenda kwenye utando, na vile viwili vya mkaa vinavyonyonya harufu na ile dawa ya bomba vilikwisha nguvu zamani, jua haliwezi kuvirudishia, basi dawa ikapita ikautafuna utando, na ile harufu ya kitambaa kibichi ilikuwa inatoka kwenye mkaa wenyewe uliochoka. Akapima kiasi cha chumvi katika maji ya bomba la kawaida, mia sita na arobaini, akapima ya mtambo wetu, mia tano na themanini. Maji yaliyosafishwa vizuri na mtambo kama ule, alisema, husoma thelathini au arobaini. Akaweka vichujio vipya vitatu na utando mpya, akaosha tangi, leo yanasoma thelathini na moja. Nikamwomba asimwambie mtu, akaitikia.

Jioni mkamwana akarudi, akamchukua mtoto, akajaza glasi, akanywa. Akaitazama ile glasi, akanitazama mimi, akaiosha, akaipanga kabatini. Mimi nikaenda zangu chumbani.

Baada ya wiki moja mwanangu akaniambia wamepata vyumba viwili karibu na lile duka la samaki, watahama mwisho wa mwezi ujao, akasema hakuna ugomvi wowote, wanataka tu kujitegemea. Mshauri, nimemzoea yule mtoto, asubuhi mimi ndiye wa kwanza anayemwona akifungua macho, na wakihama nabaki na vyumba vitatu na daftari.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nina mpango, nataka tu uniambie kama uko sawa. Majirani nitawaambia kiwanda kimeleta maelekezo mapya, kwamba zamani ilikuwa kugeuza na sasa ni kuweka vipya, kwa hiyo hakuna atakayeona nimekosea. Mkamwana nitamnunulia zawadi nzuri, labda mashine ya kusagia chakula cha mtoto, na nitakuwa mpole kwake, bila kurudi kwenye yale ya kikao, maana mtu mzima akianza kuomba radhi kwa mtoto mbele za watu, nyumba inabaki na mkubwa gani? Kosa lenyewe lilikuwa la neno, si la moyo. Nieleze tu nimshawishi vipi asihame, na heshima yangu ibaki ilipo.

Nangoja jibu lako nikiwa na imani.

Ni mimi, Metroni.


MSHAURI ANAJIBU

Metroni, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu wa chumba cha habari wakaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili, nilipofika kwenye ile glasi, sikucheka.

Tuanze na magodoro tuyamalize. Kosa la neno nakusamehe hapo hapo ulipo, na yeyote mwenye akili atakusamehe. Wewe uliambiwa badilisha, ukabadilisha, na kwa juhudi ambayo wengi hawana. Nawajua watu wenye mtambo kama huo ambao tangu ufungwe hawajaugusa, wanakunywa tu na kujipongeza. Fundi naye ana lake, angetumia nusu dakika zaidi akasema toa hiki tupa, weka kipya, tusingekuwa hapa. Ungeniandikia habari za vichujio peke yake ningekupa pole na maelekezo, nikafungua barua nyingine.

Lakini hukuniandikia kwa ajili ya vichujio. Umeniandikia kwa ajili ya binti wa watu uliyemvua nguo mbele ya mama yake mzazi kwa sababu alisema kweli, na sasa umejua alisema kweli, na wiki tatu umenyamaza. Hilo si kosa la neno. Ilikuwa ndani ya uwezo wako kulirekebisha jioni ile ile aliposhika glasi, mlikuwa wawili tu jikoni, na sentensi moja ingetosha. Ukamwacha aioshe glasi, ukaenda zako.

Halafu unaniletea mpango. Kiwanda kimekukosea nini, Metroni? Kinatengeneza mitambo yake, kinaandika namba moja, namba mbili, namba tatu, fundi saa wa watu anaziona, anakuuliza kwa heshima, unamwambia akashughulike na saa zake, na leo unataka kukibebesha kiwanda msalaba wako. Usifanye hivyo. Kwanza ni uongo, pili hautadumu wiki, kwa maana yule fundi ameahidi kufunga mdomo, lakini atapigiwa simu na wale dada washonaji siku bomba lao likianza kutoa uzi, atachuchumaa chini ya sinki lao, atakuta kilichokuwa chini ya lako, na atauliza nani aliwafundisha. Afadhali walisikie kwako.

Na hapa sitaki usubiri. Hao majirani wanakunywa maji hayo leo, saa hii unaposoma. Weka gazeti chini ukamalize kazi hiyo, urudi. Gonga kwa fundi saa, gonga kwa washonaji, waambie hivi: nilielewa vibaya, nikawafundisha vibaya, msinywe tena maji ya mtambo huo mpaka fundi aje. Ni dakika kumi na tano kwa milango yote miwili. Utaona aibu, ndiyo, na hakuna aliyewahi kufa kwa aibu ya dakika kumi na tano. Yule mzee ukimkuta, mwambie pia kwamba kuhusu zile namba alikuwa sahihi, maana nina hakika amezifikiria tangu siku ile.

Umerudi? Sasa nisikilize vizuri, nakuja kwa mkamwana.

Umeandika kwamba anafanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, ukaliandika kama kitu kidogo. Nilimpigia mtu anayeuza samaki hao, nikamuuliza kazi yao ikoje. Akaniambia asubuhi kabla ya kufungua duka wanapima maji, tangi moja moja, na kwamba wana mtambo wa kusafisha maji mkubwa kuliko wako, wanautunza wenyewe, vichujio vikichoka vinatupwa, kwa sababu samaki hawana subira ya kungoja kikao. Ina maana muda wote huu umeishi na mtu anayekula jasho lake kwa kuyajua maji. Ule mtambo angeufungua akiwa amefumba macho. Alikuuliza juu ya paa kama vichujio ni vya zamani, na alipouliza alikuwa anajua jibu. Alichovya kalamu, akaiona namba, anajua ina maana gani kuliko mimi na wewe. Na siku ya kikao, Metroni, ile kalamu ilikuwa hatua kumi kutoka pale, ndani ya droo. Angeenda kuichukua, akaichovya kwenye glasi mbele ya watu saba, akaisoma namba kwa sauti, mchezo umekwisha, wewe na daftari lako. Hakuifuata. Alitazama shemeji zako na dada yako na mama yake, akachagua kuwa yeye ndiye mwenye pua mbovu. Halafu akayanywa, akijua anachokunywa.

Wewe unauliza nyumba itabaki na mkubwa gani. Kwa maelezo yako mwenyewe, siku ile kulikuwa na mtu mzima mmoja sebuleni, na alikuwa amesimama.

Najua inauma kuambiwa hivi, na siandiki ili nikuumize. Nakuona pia ulivyo. Ulikuwa na mabinti mia mbili na arobaini na ukawalinda, ukastaafu, simu ikanyamaza, kilichobaki cha kulinda kikawa mikebe mitatu chini ya sinki. Mtu alipogusa hiyo mikebe ukaona amegusa miaka ishirini na tisa. Ninaelewa kabisa, na pengine ningekuwa wewe nami ningepanga chupa mezani. Ila kuelewa hakufuti kilichotokea, kwa hiyo tufanye kazi.

Mashine ya kusagia usinunue. Zawadi ikitangulia radhi inakuwa ya kumziba mtu mdomo, na huyu mdomo wake umeshauziba vya kutosha. Unachotakiwa kufanya ni kuitisha kikao, maana kuitisha vikao unajua. Waite wale wale waliokuwepo, usipunguze hata mmoja, na wa kwanza kumpigia simu awe mama yake mzazi. Usimwambie mwanao aseme kwa niaba yako. Usianze na historia ya bweni, usieleze magodoro, hayo utawachekesha nayo siku nyingine. Usiseme kama nilikukosea, kwa sababu hakuna kama hapo. Na daftari liache chumbani.

Suala la mtoto nalo usilisahau. Hajaugua, tumshukuru Mungu, lakini miezi minne mama yake alikuwa anachemsha maji asiyoyaamini na kumpa mwanawe kwa sababu aliogopa kikao cha pili. Jaribu kukaa na wazo hilo dakika moja bila kujitetea. Na kama ana swali lolote kuhusu afya ya mtoto, mpeleke wewe mwenyewe kliniki, ukae kwenye benchi, wauguzi waseme, wewe usiwasaidie kusema.

Kuhusu mtambo, usije ukakosea tena na kunilaumu mimi. Kubadilisha maana yake cha zamani kitoke kiende kwenye pipa la taka, kipya kitoke kwenye karatasi yake kiingie mahali pale pale pa mwenzake. Juani hakipandi kitu. Kwa maji yenu ya chumvi na dawa, vile vitatu msivipitishe miezi sita, na utando huo mpya fundi niliyemuuliza anasema unaweza kwenda miaka miwili, pengine mitatu, lakini anayeamua ni namba, hivyo kila mwezi mpime maji yanayoingia na yanayotoka, na yanayotoka yakianza kupanda na kupanda, msisubiri tarehe. Siku ya kuweka vipya nawa mikono, osha mikebe kwa sabuni na uisuuze sana, hakikisha ule mpira wa duara umekaa kwenye mfereji wake, fungua koki polepole, angalia kama kuna tone linavuja, na tangi la kwanza likijaa limwage lote. Wewe ni mtu wa ratiba, hili utaliweza kuliko sisi wote.

Umeona nimesema kupima. Kalamu huna, anayo mkamwana. Baada ya kikao utamwomba akuazime, ukawapimie majirani, na ukipenda mwombe aje nawe awaeleze mwenyewe, wewe ukiwa umesimama nyuma yake. Akikataa, usimnunie.

Nimebakiza swali lako la mwisho, nimshawishi vipi asihame. Jibu ni kwamba usimshawishi. Vyumba wameshapata, wana haki ya kuwa na jiko lao, na radhi ukiitumia kama nauli ya kumrudisha ataijua kwa harufu, na pua yake tumeshakubaliana haina ubovu wowote. Unaomba radhi kwa sababu ulimkosea, basi. Akibaki ni hiari yake, akienda ni haki yake.

Kwa hiyo Jumamosi hii, watu wakishakaa, simama wewe. Sema maneno haya, na kama huwezi kuyakariri yasome: "Mwanangu, maji yalikuwa mabaya. Ulisema kweli, nikakulazimisha uombe msamaha mbele ya mama yako. Mbele yake naomba unisamehe." Ukimaliza, kaa. Usiongeze kitu, usilie kabla yake, usimwangalie mwanao akuokoe. Akikusamehe, mshukuru kwa sauti wote wasikie. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama kikao kitaisha hivyo. Na siku ya kuhama ikifika, utambeba mjukuu wako wewe mwenyewe, ushuke naye ngazi zote mpaka kwenye gari, umkabidhi kwa mama yake kwa mikono miwili, uulize wanakaribisha wageni lini, na siku watakayokutajia uende siku hiyo.